Alingoja miaka 20, akatawala miezi tisa

WANAFUNZI wengi wa historia wamesikia kisa cha twiga wa Malindi. Mnamo mwaka wa 1415 mnyama huyo alifikishwa mbele ya mfalme wa Uchina baada ya safari ndefu ya baharini. Wakuu wa jumba la kifalme walipomwona kiumbe mwenye shingo ndefu vile, walimfananisha na qilin, mnyama wa hadithi zao ambaye hujitokeza tu nchi inapotawaliwa na mfalme mwema. Miaka michache baadaye merikebu za amiri Zheng He zilitia nanga Mogadishu, Barawa na Malindi.

Kisha amri ikatolewa: merikebu zisisafiri tena.

Ni nani aliyetoa amri hiyo? Jina lake ni Zhu Gaochi, ingawa vitabu humwita Hongxi, jina alilochagulia enzi yake. Alikuwa mfalme wa nne wa ukoo wa Ming. Alitawazwa Septemba 7, 1424, na kufariki Mei 29, 1425. Mwanamke aliyeshika mimba siku ya kutawazwa kwake huenda alijifungua katika wiki ya matanga yake.

Kwa sababu ya ufupi huo, watu wengi humpita haraka, wakitoka kwa baba yake aliyejenga Beijing na kwenda kwa mwanawe aliyesifika kwa uchoraji. Wanaomkumbuka humkumbuka kama yule mnene aliyezifungia merikebu bandarini. Lakini ukiyachunguza maisha yake utaona kuwa miezi hiyo tisa ilikuwa kazi ya mtu mmoja tu: mwana aliyekaa kimya miaka 20 akimtazama baba yake, na ambaye, alipopata nafasi, alianza kuyafumua mambo ya baba mmoja baada ya jingine.

Askari wale kwanza

Gaochi alizaliwa Agosti 16, 1378. Babu yake, Zhu Yuanzhang, alikuwa mtoto wa wakulima maskini ambaye wazazi wake walikufa wakati wa njaa na maradhi, akawa mtawa wa kuombaomba, kisha kiongozi wa waasi, na hatimaye mwaka wa 1368 akawa mfalme wa Uchina. Mzee huyo alikuwa mkali kupindukia, na maelfu ya watu waliuawa kwa amri yake. Lakini kwa mjukuu huyu mpole alikuwa na udhaifu.

Inasimuliwa kwamba siku moja aliwatuma wajukuu wake wakague vikosi alfajiri. Wote walirudi mapema isipokuwa Gaochi. Alipoulizwa sababu ya kuchelewa, alijibu kuwa asubuhi ilikuwa na baridi kali, basi akawangoja askari wale kwanza ndipo awakague. Siku nyingine alipewa rundo la barua za maafisa azichambue. Alitoa zile tu zilizohusu hali ya askari na raia. Babu akamwonyesha kwamba baadhi yake zilikuwa na makosa ya maandishi, je, hakuyaona? Kijana akasema aliyaona, lakini hakutaka kumsumbua mfalme kwa vitu vidogo.

Mwili haukumsaidia. Alikuwa mnene sana na miguu yake ilimsumbua, hata akahitaji matowashi wawili wamshike mikono anapotembea. Alipenda vitabu, na ingawa alikuwa hodari wa kurusha mishale, vita havikuwa vyake. Na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu baba yake, Zhu Di, alikuwa mtu wa farasi na upanga. Mwana wa pili, Gaoxu, alikuwa nakala ya baba: mrefu, shupavu, mpiganaji. Kila mmoja katika nyumba ile alijua ni mtoto yupi baba anampenda.

Barua isiyofunguliwa

Mzee Yuanzhang alipofariki mwaka wa 1398, kiti cha enzi kilimwendea mjukuu mwingine, Zhu Yunwen. Mwaka uliofuata Zhu Di alimwasi mtoto huyo wa kaka yake. Alipoondoka kwenda vitani alimwachia Gaochi mji wa Beiping, ambao leo ndio Beijing, na askari wapatao 10,000 tu.

Jeshi la serikali lilikuja kuuzingira mji, na inasemekana lilikuwa na watu 500,000. Hata tukipunguza nusu ya idadi hiyo kama chumvi ya wasimulizi, bado kazi ilikuwa ngumu. Mama yake Gaochi, Bi. Xu, ambaye baba yake alikuwa jemadari mashuhuri, aliwakusanya wanawake wa mji, wakapanda ukutani kuvurumisha mawe na matofali. Usiku wa baridi walinzi walimwaga maji kwenye kuta, na kulipopambazuka kuta zilikuwa barafu tupu isiyopandika. Mji haukutekwa. Huyu ndiye kijana ambaye ndugu zake walisema hafai kwa vita!

Kisha ukaja mtego wa hatari zaidi. Washauri wa mfalme kijana walimwandikia Gaochi barua wakitaka kumtenga na baba yake. Wakati huohuo towashi mmoja alikwisha kumnong'oneza Zhu Di kambini kwamba mwanawe anazungumza na adui kisirisiri. Gaoxu, aliyekuwa kando ya baba, naye akatia chumvi. Baba akawaka kwa hasira. Lakini kabla hajaamua neno, mjumbe akafika kutoka Beiping akiwa na barua ileile pamoja na aliyeileta. Gaochi hakuwa ameifungua. Zhu Di alipoisoma alishtuka, akasema nusura amwue mwanawe.

Mtu akishajua kwamba uhai wake ulitegemea muhuri wa barua ambao hakuuvunja, ni vigumu kuwa mzungumzaji. Nadhani ukimya wake wa miaka iliyofuata ulianzia hapo.

Kungoja

Mwaka wa 1402 Zhu Di aliuteka mji mkuu wa Nanjing na kujifanya mfalme kwa jina la Yongle. Waliokataa kumtambua waliuawa pamoja na jamaa zao, na wake na mabinti zao wakafanywa watumwa. Kuhusu mrithi, alisitasita. Inasimuliwa kwamba msomi mmoja, Xie Jin, ndiye aliyemshawishi. Hakusifu sana uwezo wa Gaochi. Alimkumbusha mfalme tu kwamba Gaochi alikuwa na mtoto mzuri. Yongle alimpenda sana mjukuu huyo, Zhanji. Mwaka wa 1404 Gaochi akatangazwa mrithi. Xie Jin mwenyewe alilipia ushauri wake. Ndugu wa pili hakumsamehe, fitina zikafika masikioni mwa mfalme, msomi akatupwa gerezani, na mwaka wa 1415 akaleweshwa pombe na kufukiwa thelujini hadi akafa.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha jinsi hewa ya nyumba ile ilivyokuwa nzito. Wana wa mfalme walitumwa kuzuru kaburi la babu yao. Gaochi alikuwa mbele, akishikwa na matowashi wawili, na mara kwa mara akijikwaa. Gaoxu, nyuma yake, akasema kwa kejeli kwamba anapojikwaa wa mbele, wa nyuma hupata funzo. Mara sauti ya kitoto ikasikika nyuma zaidi: na yupo mwingine nyuma anayepata funzo pia. Alikuwa Zhanji, mtoto wa Gaochi. Ami yake aligeuka, uso umemsawijika.

Yongle alikuwa mfalme wa mambo makubwa. Alijenga jumba la kifalme la Beijing ambalo watalii hulizuru hadi leo, akauhamishia mji mkuu huko mwaka wa 1421, akaimeza nchi ambayo sasa ni Vietnam, akaenda vitani Mongolia mara tano, na akatuma merikebu za Zheng He. Safari ya kwanza pekee, mwaka wa 1405, ilichukua watu zaidi ya 27,000. Yote haya yalikuwa na gharama, na gharama ililipwa na mkulima.

Kila baba alipokwenda kaskazini, Gaochi ndiye aliyebaki kuendesha serikali. Kwa hiyo yeye ndiye aliyesoma barua za njaa, za mafuriko, za vijiji visivyoweza kulipa kodi. Aliyaona mambo hayo kwa miaka mingi, na hakuwa na ruhusa ya kuyabadilisha. Akifanya jambo jema, ndugu zake walimwambia baba kwamba anajitafutia sifa. Mwaka wa 1414 ujumbe wake wa kumlaki mfalme kutoka vitani ulichelewa, na walioadhibiwa ni watumishi wake. Mmoja wao, Yang Pu, alikaa gerezani miaka kumi, akivisoma na kuvirudia vitabu vyake humo.

Waziri wa hazina, Xia Yuanji, naye alifungwa mwaka wa 1421 kwa kusema ukweli rahisi: pesa za vita vya Mongolia hazipo.

Jeneza la bati

Yongle alifia safarini, akirudi kutoka Mongolia, Agosti 12, 1424. Maafisa waliokuwa naye waliogopa kwamba habari zikivuja Gaoxu angeinua jeshi. Wakakusanya vyombo vya bati vya kambini, wakaviyeyusha, wakatengeneza jeneza na kulificha garini. Kila siku chakula cha mfalme kiliendelea kupakuliwa na kupelekwa kwake kama kawaida. Mjumbe akakimbizwa Beijing.

Gaochi, akiwa na umri wa miaka 46, alipata habari hizo na jambo moja alilofanya linatueleza mengi. Alikwenda mwenyewe mahali alipozuiliwa Xia Yuanji, akamweleza kilichotokea huku akilia, akamtoa kifungoni. Kisha akamwuliza: tuanze na nini? Waziri akajibu kwamba wenye njaa walishwe, kodi na kazi za lazima zipunguzwe, merikebu za hazina zisimamishwe, na dhahabu na fedha zinazokamuliwa Yunnan na Vietnam ziachwe. Yote yakakubaliwa.

Basi hiyo ndiyo asili ya amri iliyogusa pwani yetu. Wapo waandishi wanaoieleza kana kwamba Uchina iliamka siku moja ikachukia dunia. Ukiisoma pamoja na mambo yaliyoizunguka, utaona ni bajeti. Waliotaka merikebu zikome ni walewale waliotaka farasi wa bei kubwa wasinunuliwe mpakani na mbuga za vita zipungue. Wageni waliokuwa Uchina waliamriwa wasindikizwe kwao kwa heshima. Merikebu hazikuchomwa, zilirudishwa Nanjing, na Zheng He akapewa kazi ya kuulinda mji huo pamoja na mabaharia wake. Mwaka wa 1431 Zhanji, akiwa sasa mfalme, alizituma tena kwa safari ya saba, na baada ya hiyo ndipo zilipokoma kabisa. Sarafu za shaba zenye jina la Yongle zilizofukuliwa Mambrui mwaka wa 2010 na kisiwani Manda mwaka wa 2013 ni za enzi ya baba. Enzi ya mwana haikuwa na muda wa kuacha hata sarafu kwetu.

Miezi ya haraka

Alifanya kazi kama mtu anayejua muda ni mfupi. Yang Pu alitolewa gerezani na kupewa cheo. Jamaa za wale waliouawa mwaka wa 1402, ambao walikuwa wameishi utumwani miaka 22, waliachiliwa na kurudishiwa mashamba. Ebu fikiria maana yake: mwana anatangaza hadharani kwamba wale ambao baba yake aliwaita wahaini hawakustahili yaliyowapata. Aliagiza pia kwamba jamaa wa mhalifu wasiadhibiwe pamoja naye ila kwa kosa la uhaini, na akakataza adhabu ya kuhasi watu.

Siku moja alisikia kwamba watu wa Shandong na majirani zao hawana chakula, na bado watoza kodi wanawadai. Akamwita mshauri wake Yang Shiqi aandike amri ya kupunguza kodi ya msimu huo kwa nusu. Yang, kama afisa mwenye adabu, akasema ni vyema wizara zijulishwe kwanza. Mfalme akakataa. Kuokoa wenye njaa, alisema, ni kama kuokoa mtu motoni au majini. Wenye wizara watahangaikia upungufu wa hazina na kusitasita. Karatasi na kalamu vikaletwa, Yang akaandika palepale juu ya lango, muhuri ukagongwa, amri ikaondoka. Ndipo mfalme akamgeukia: sasa unaweza kuziambia wizara. Yeyote aliyewahi kungoja sahihi ya faili katika ofisi ya serikali ataelewa kwa nini watu walimpenda.

Aliwapa washauri wake wakuu mihuri ya fedha. Kila aliyeona kosa la mfalme aliweza kuandika barua ya siri, akaipiga muhuri huo, na ingemfikia moja kwa moja. Mtu aliyezibwa mdomo miaka 20 alitaka kuwafungua wengine midomo.

Alinuia hata kuurudisha mji mkuu Nanjing, ambako chakula kilipatikana karibu na gharama zilikuwa ndogo. Mwanzoni mwa 1425 aliamuru Beijing ihesabiwe kuwa makao ya muda tu, akamtuma Zhanji Nanjing.

Mbavu tatu

Mambo yangeishia hapo, tungekuwa na mtakatifu. Lakini mwezi wa Mei msomi mmoja aitwaye Li Shimian aliandika waraka wa kumkosoa. Miongoni mwa mengine alisema kwamba mfalme, akiwa bado katika maombolezo ya baba, hapaswi kukaribia masuria. Alisema pia mrithi hapaswi kuwekwa mbali na baba yake.

Mfalme mpole aliwaka. Alimwita Li na kumhoji, na Li hakurudi nyuma. Walinzi wakaamriwa kumpiga kwa rungu za chuma. Mbavu zake tatu zilivunjika, akaburutwa nje karibu kufa, kisha akatupwa gerezani. Alinusurika kwa kuwa afisa mmoja wa gereza aliyewahi kutendewa wema naye alimwingizia tabibu kwa siri.

Sitaki kumtetea. Mtu anaweza kuona uonevu wa baba yake miaka yote ile, akauchukia kwa dhati, na bado mkono wake ukainuka kwa namna ileile siku anapoguswa penye kidonda. Cha kusikitisha zaidi, hakupata nafasi ya kutengeneza. Siku chache tu baadaye aliugua ghafla. Kitandani alimwambia Xia Yuanji kwamba Shimian alimwaibisha mbele ya watu, akaghadhibika tena, na usiku huo akafariki. Kulikuwa na uvumi wa sumu. Wanahistoria wengi huona ni moyo uliomshinda, kwa mwili ule. Mrithi alikuwa mbali, Nanjing, kama Li alivyoonya.

Aliusia kaburi lake liwe dogo, na ndivyo lilivyo hadi leo nje ya Beijing, karibu na lile kubwa la baba yake. Alipewa jina la Renzong, yaani mwenye utu. Hata hivyo baadhi ya masuria wake waliuawa ili wamfuate, kwa desturi ambayo ilikomeshwa na mjukuu wake mwaka wa 1464. Mpango wa kuhamia Nanjing ulizimwa. Gaoxu aliasi mwaka wa 1426, na yule aliyekuwa mtoto nyuma ya msafara wa kaburini akamshinda.

Li Shimian alisahauliwa gerezani zaidi ya mwaka mmoja. Kisha mtu akamweleza Zhanji jinsi msomi huyo alivyomkosea marehemu baba yake. Kijana akakasirika, akatuma watu wamlete amefungwa ili amwulize mwenyewe na kumwua. Baadaye akaona hata kumwona haifai. Akamtuma afisa mwingine aende gerezani amchukue Li na kumkata kichwa moja kwa moja. Afisa huyo alitokea lango la magharibi, na wakati huohuo Li alikuwa akiingizwa kwa lango la mashariki. Wakapishana.

Mfalme akamkemea kutoka mbali: ulithubutu kumwambia nini baba yangu? Li akapiga magoti, akaanza kuyataja mambo aliyoyaandika, la masuria, la mrithi kuwa mbali, na mengine. Kadiri alivyotaja, ndivyo sauti ya mfalme ilivyoshuka. Alipofika la sita aliambiwa amalize yote, akasema anatetemeka mno, hakumbuki. Nakala iko wapi? Aliichoma.

Yule afisa aliyetumwa gerezani aliporudi kuripoti kwamba mfungwa hayumo, alimkuta Li Shimian amesimama mbele ya ngazi za jumba, amevaa kofia na mshipi wa cheo chake.